Nilienda Lubumbashi kununua zipu

Alhamisi, usiku

Kasuku alipiga simu nikiwa nakata suruali ya mteja. Jina hilo tulimpa shuleni Kalemie kwa sababu ya mdomo wake, na mdomo haujapungua. Siku hizi anaishi Ndola, Zambia, ng'ambo ya mpaka, ameolewa huko na ana saluni. Alikuwa ameingia Lubumbashi kwa shughuli ya ukweni, shughuli ikaahirishwa watu wameshafika, naye hakutaka kugeuza siku hiyohiyo.

"Fundi wangu, niko L'shi mpaka Jumapili. Njoo."

"Nina kazi za watu hapa."

"Watu wenyewe wana nguo zingine. Watavaa hizo."

Sikuwa na la kumjibu. Na kusema kweli zipu nyeusi zilikuwa zimekwisha, bitana ilibaki vipande, na hapa Kolwezi vitu hivyo vinauzwa kana kwamba navyo vimechimbwa ardhini. Nikamwambia mume wangu nakwenda kutafuta vifaa vya kazi. Akauliza ni vifaa gani vinavyotafutwa kwa gauni la kutokea. Nikafunga begi.

Ijumaa

Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 300 za lami, lakini mtu asidanganywe na lami. Barabara hii ni ya malori, sisi wengine tunaazimwa. Tulitoka alfajiri kwa gari dogo, nyuma tumekaa wanne badala ya watatu, mimi nikapewa upande wa mlango ambao kioo chake hakipandi. Kupita Fungurume hadi Likasi kazi ni kufuata mkia wa lori mpaka dereva aone nafasi. Mengine yamebeba shaba iliyokwisha kusafishwa, mabamba mekundu yamefungwa kwa mikanda ya chuma, mengine yamepakia magunia makubwa meupe ya kobalti. Mengi yanaelekea Kasumbalesa, yavuke Zambia, yaende zake baharini. Katikati ya msururu huo kulikuwa na mzee mmoja na baiskeli yake, amepakia mkaa kumpita kimo, na malori yakimpigia honi kana kwamba yeye ndiye aliyewakuta barabarani.

Baada ya Likasi tulianza kuona uyoga. Januari ndiyo wakati wake. Watoto wanasimama kando ya njia wameushika kwa shina, wanauinua juu gari linapokaribia. Ule mkubwa unaoota kwenye vichuguu, kofia yake inaweza kufika upana wa nusu mita na zaidi, na wataalamu wanauhesabu kuwa uyoga mkubwa kuliko yote inayoliwa duniani. Mchwa ndio wakulima wake: chini ya kichuguu wanautunza kwa majani na miti waliyoitafuna, wanakula kule chini, na mvua zikinyesha wenyewe unachomoza juu kwa ajili yetu. Nilitaka tusimame. Dereva akasema uyoga wa Ijumaa hautafika Jumapili, ni kutupa pesa. Alikuwa na haki, ila ningependa angeniacha hata niulize bei.

Lubumbashi unaiona kabla hujafika, kwa lile dohani la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na mlima mweusi wa takataka za shaba pembeni yake. Tanuru la hapa lilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya mji kuanzishwa na reli kuingia kutoka kusini, na mlima huo ni majivu ya miaka yote iliyofuata. Siku hizi wanauchimba tena, maana ndani yake kumebaki kobalti.

Kasuku alikuwa ananisubiri kwenye uwanja wa Posta, penye sanamu ya Moïse Tshombe, aliyeongoza Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960. Amenenepa, anapendeza, na wigi lake lilikuwa la bei. Alinikumbatia huku akikagua mshono wa bega langu. "Umeshona mwenyewe hii? Basi mimi nakuja kwako, nimechoka na mafundi wa Ndola." Halafu, kabla sijapumua: "Umekula?"

Tuliingia malewa moja, mgahawa mdogo wa mitaani, nyuma ya maduka, meza mbili na benchi. Mama wa pale hakutuletea orodha wala maneno. Alifunua sufuria moja baada ya nyingine: sombe, yaani kisamvu, maharagwe, nyama ya ng'ombe, na samaki wa Kasenga, wanaoletwa kutoka mto Luapula. Sisi wawili tukatazamana. Mtu aliyekulia Kalemie, akinywa maji ya Tanganyika na kula mikebuka iliyotoka kuvuliwa, hasifu samaki wa mahali pengine, ni kama dini. Tukachukua sombe. Ilikuwa imepondwa vizuri, imetiwa mawese na karanga, haina ule uchungu wa majani yaliyochemshwa kwa haraka. Bukari, ugali wa huku, ilikuja moto, mahindi yaliyochanganywa na muhogo, ngumu kidogo kama wanavyoipenda Katanga. Kasuku alimega, akatafuna, akatangaza kwa sauti ya kusikika meza ya pili, "Huu unga umetoka kwetu."

Yule mama hakukataa. Unga mwingi wa mahindi unaoliwa hapa unavuka mpaka kutoka Zambia, na mwaka 2024 ukame ulipoiangukia Zambia, mfuko ulipanda bei Lubumbashi. "Wakati ule tulikula muhogo mtupu," akasema mama akitufunikia sufuria. "Mulitufungia." Kasuku akanyamaza, jambo ambalo si la kawaida.

Mchana tulizunguka maduka ya katikati ya mji. Sitayaeleza sana kwa kuwa hayana mengi ya kuelezwa: sahani, mapazia, viatu, blenda, vyote vimepangwa vizuri chini ya taa nyeupe, bei kwa dola. Kasuku alikuwa anageuza kila kitu kutafuta kilikotengenezwa. "Hii nimeipita jana Kasumbalesa ikiwa bado juu ya lori." Biskuti anazomnunulia mwanawe Ndola, sabuni anayotumia saluni, mafuta ya nywele yaleyale, na kila kimoja kimepanda bei kwa kuvuka tu. Mimi naye tulifika uamuzi mmoja kwa njia mbili: maduka haya ni ya kupitia mvua ikinyesha. Na ilinyesha.

Dola yangu ya ishirini ilikataliwa. Ilikuwa na mchaniko ukingoni, mdogo kuliko ukucha, na msichana wa kaunta aliuona kabla hata sijaifungua. Ukiwa Kongo lazima ujue hilo: faranga inaweza kuwa imekunjwa, imelowa, imeandikwa namba ya simu, itapokelewa, dola ikiwa na jeraha lolote imekufa. Nje, chini ya mwavuli, mbadilishaji pesa akaikubali kwa kuikata thamani, akanihesabia matofali ya noti za faranga kwa kidole gumba, haraka hata macho hayafuati. Noti kubwa kuliko zote ni ya 20,000, na hata hiyo haionekani mara nyingi mikononi mwa watu. Nikaondoka na mkoba mzito na hisia ya utajiri isiyo na msingi.

Tulilala kwa wifi yake, Bel-Air. Umeme ulikatika saa tatu, tukaongea gizani mpaka wifi mwenyewe akagonga ukuta.

Jumamosi

Soko la Kenya, mapema. Wasomaji wa Nairobi wasishtuke, Kenya hapa ni komuni ya Lubumbashi, na soko lake ndilo nililolifuata. Huku hakuna kaunta wala taa nyeupe. Kuna mabanda yaliyobanana, njia za kupita mtu mmoja, matope ya mvua ya jana yaliyowekewa mbao, na watu wanaokuita kwa kazi yako kabla hujawaambia. "Mama fundi, zipu! Njo hapa!" Sijui waliona nini. Labda futi ya kupimia ilikuwa imetokeza kwenye mkoba.

Zipu nilizipata kwa baba mmoja aliyezifunga kwa rangi na kwa urefu, kila fungu na raba yake. Zipu hainunuliwi kwa macho. Naishika ncha mbili, naivuta ifunge na ifunguke mara kadhaa, kisha naipinda katikati ikiwa imefungwa. Mbaya hutoa meno hapohapo. Katika fungu la kwanza zilizopinda zilifunguka mbili, nikamrudishia bila kusema kitu. Akatoa fungu lingine chini ya meza. Hivyo ndivyo wanavyokupima. Vifungo, uzi, bitana nyeusi na ya maziwa, gundi ya kola, vyote nilivimaliza kwake, akanipunguzia kidogo na kunipa sindano za cherehani bure. Kazi iliyonileta mjini ilikwisha kabla ya saa nne asubuhi.

Vitenge ndivyo vilivyotula muda. Kasuku alitaka kikwembe cha kuvaa kwenye ile shughuli ikifanyika, na muuzaji, mama mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo, alimkunjulia kimoja cha bluu na njano, maandishi ya Uholanzi yanang'aa ukingoni. Kasuku akaanza kuuliza bei. Nikamkanyaga mguu.

Maandishi ya ukingoni yanachapwa na yeyote. Ninachotazama mimi ni mgongo wa kitambaa. Waksi ya kweli hutiwa nta pande zote mbili kabla ya rangi, kwa hiyo ukikigeuza huwezi kujua uso ni upi. Ya kuigiza hupigwa chapa upande mmoja tu, mgongo unabaki umefifia. Kisha natafuta mishipa, zile nyufa ndogo za rangi zinazotokea nta inapovunjika. Katika waksi ya kweli haziwi sawa mahali popote. Katika ya kuigiza nyufa zimechorwa, na ukipima shubiri chache unakuta ufa uleule umejirudia. Cha huyu mama kilikuwa na mgongo mzuri, rangi imepenya, lakini nyufa zilijirudia. Nikamwonyesha. Hakukasirika hata kidogo. Alivaa miwani, akaangalia, akasema, "Ile kweli njo ya Chine. Lakini iko mzuri." Na alikuwa sahihi, ilikuwa nzuri. Waholandi wenyewe, ile kampuni ya Vlisco inayochapa tangu 1846, walianza kwa kuiga batiki za Java, sasa nani amlaumu Mchina? Tulikataa bei ya Uholanzi, tukalipa bei ya Uchina, pisi nzima ya yadi sita, na nikamwahidi Kasuku kuishona. Bure, akaongeza yeye mbele ya shahidi.

Mwanawe aliagiza jezi ya TP Mazembe. Kamalondo, karibu na uwanja wao, zinaning'inizwa nyeusi kwa nyeupe kila kona, na mamba wa nembo ana mpira mdomoni. Kijana muuzaji alipogundua jezi inakwenda Ndola alichangamka, akaanza kutuhutubia kana kwamba tumetoka sayari nyingine: 2010, Abu Dhabi, Kunguru, ndio Mazembe, wanaifunga Internacional ya Brazil 2-0, klabu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Kuhusu fainali yenyewe, 3-0 mikononi mwa Inter Milan, hakutaja. Kasuku akataja. Kijana akajibu kwa kuketi chini kwenye zege na kurukaruka kwa makalio kama Kidiaba kipa alivyokuwa akishangilia, akizunguka duara zima, wapita njia wakipiga makofi. Baada ya onyesho hilo ungeombaje punguzo? Tulilipa alichosema.

Kilichonishika siku hiyo nzima ni malakiti. Tulielekezwa uani kwa mafundi wawili wanaochonga: mmoja anakata jiwe, mwingine ananolea kwenye gurudumu. Maji yanadondoka kwenye gurudumu muda wote kutoka chupa iliyotobolewa, na uji wa kijani unamwagika chini mpaka kwenye mfereji. Nikadhani maji ni ya kupoza. Fundi akasema ni ya kuzuia vumbi, kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wa jiwe hili ni shaba, na vumbi lake likiingia kifuani ni sumu. Mikono yake ilikuwa ya kijani hadi kwenye mikunjo ya vidole. Alichukua kipande kilichokuwa cheusi na kibaya kabisa, akakiweka kwenye gurudumu, akakitoa, akakifuta kwa kitambaa: mistari ikajitokeza, ya kijani kibichi na ya kijani cha kiza, duara ndani ya duara. Sikutegemea kunyamazishwa na jiwe.

Naye akatufundisha lake, kama mimi nilivyomfundisha Kasuku la kitenge. Liweke shavuni: jiwe la kweli ni baridi na linakaa baridi, plastiki inashika joto lako mara moja. Lipime mkononi, liwe zito kuliko unavyotarajia. Na mistari isijirudie. Kasuku akacheka, "Kumbe ni waksi!" Akachagua hereni nyingi, za wateja wake wa saluni. Mimi nikachukua msalaba mdogo wa shaba, ule wa pembe nne wa Katanga. Misalaba kama hiyo ilikuwa fedha ya watu wa huku zamani, ilitolewa hata kwa mahari, na makaburi ya kale ya Sanga, kule mabonde ya Upemba, yamekutwa nayo. Mitatu iko kwenye bendera ya Katanga ya 1960. Wangu ni mpya, ulimiminwa kwenye mchanga juzi, na haukudai kuwa kitu kingine. Hakuna kimojawapo cha vitu hivi kilichopitia Kasumbalesa kuja hapa.

Usiku, michopo, mbuzi wa kuchoma. Hii ndiyo sababu ya watu kutoka Likasi na Kolwezi kuja Lubumbashi wakijidai wamefuata karatasi za ofisi. Bel-Air, nje, viti vya plastiki, moshi unakufuata popote unapohamia. Mbuzi ananing'inia mzima. Unaonyesha unakotaka, mbavu au paja, mchomaji anakata, anapima kwa mkono, anakutajia bei, mnabishana, kisha anachoma. Hakuna viungo vya ajabu: chumvi, moto wa mkaa, muda. Akiivisha anaikatakata vipande vidogo kwa panga juu ya gogo, anamwagia vitunguu vibichi na pilipili ya kusaga, na inakuja kwenye sahani ya bati na bukari pembeni. Mafuta ya mbavu yalikuwa yameungua ukingoni, yanalia chini ya jino. Kasuku alikunywa bia ya Simba, baridi. Mimi nilichukua munkoyo, uji wa mahindi uliotiwa mizizi iliyopondwa. Mizizi ndiyo inayoufanya mwepesi na mtamu hata bila sukari, na ukikaa siku moja unaanza kuchacha vizuri.

Tuliongea juu ya nani amekufa. Ndivyo ilivyo ukikutana na mtu wa Kalemie wa miaka yetu, orodha inakuja yenyewe. Mwalimu wetu wa hisabati. Yule ndugu wa mapacha. Kisha Kasuku akaniambia saluni nusura ifungwe mwaka uliopita, deni, na hakumwambia mtu hata mumewe. Alisema huku anachokonoa mfupa, haraka, kama mtu anayetaja bei. Nikamwambia na mimi la kwangu, ambalo si la kuandika hapa. Mchomaji akapita kuuliza kama tunaongeza. Tuliongeza.

Jumapili

Misa ya asubuhi kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, tofali nyekundu, limesimama pale tangu 1920. Kwaya nzuri, mahubiri marefu.

Sokoni tena, haraka, kwa uyoga wangu na kikanda chake. Kikanda ni kitu cha mpaka huu wote, Bemba wanakula pande zote mbili: viazi vya okidi za porini vilivyotwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga na pilipili, vikapikwa mpaka vikawa mkate mzito wa kahawia unaokatwa kwa kisu. Okidi zenyewe zimechimbwa hadi zikapungua huku, na wafanyabiashara wa Zambia wamekuwa wakizifuata mpaka nyanda za juu za Tanzania, upande wa Makete na Kitulo. Kasuku anakula kikanda Ndola kila wiki, lakini anadai cha Lubumbashi kina pilipili ya haki. Akanunua kipande cha kutosha familia nzima.

Mimi kwa uyoga nilinunua ule mdogo wa njano, kilo kadhaa kwenye kikapu, maana mkubwa ungevunjika garini. Tuligombana kituoni nani abebe mfuko upi, nani amlipie nani mzigo, tukaachana bila maneno ya kuagana kwa sababu gari lake lilikuwa limeanza kwenda na yeye bado anaongea dirishani juu ya shingo ya lile gauni.

Saa tisa, nikiwa karibu na Likasi, ikaingia sauti yake kutoka Kasumbalesa. Foleni ndefu, kikanda kimekwisha, na afisa mmoja amefungua mfuko wa hereni akauliza kama anasafirisha madini. Akamjibu ni hereni. Mbona nyingi hivi? Saluni yangu ina masikio mengi. Afisa akazigeuzageuza, akaweka moja shavuni, akasema ni baridi kweli, na mke wake atapenda. Kasuku akamuuzia jozi moja, kwa bei ya Ndola.